Aliyemshika Mtoto

Siku tatu kabla ya mkaguzi kuja, Usipumue alijifungia kwenye chumba cha altrasaundi, akapandisha blauzi, akajipaka jeli ya baridi tumboni na kujipima mwenyewe. Kwa kawaida mtu wa fani yake hafanyi hivyo. Huenda kwa mwenzake, hulala kitandani kama mgonjwa mwingine yeyote na kusubiri kuambiwa. Lakini kwa mwenzake angelazimika kusema, na Usipumue alikuwa ameapa kutosema hadi miezi mitatu itimie. Mara mbili alikuwa amesema mapema, na mara zote mbili alirudi kuwaambia watu wale wale kwamba basi tena.

Kwenye kioo cha mashine palikuwa na kitu kisichozidi urefu wa kidole gumba, na katikati yake moyo ulikuwa unapiga haraka, bila kumwomba mtu ruhusa. Alipima urefu. Wiki ya kumi na moja inaanza. Akapima tena, kisha akakaa tu akitazama, mpaka karani alipogonga mlango kuuliza kama mashine imeharibika.

Jina la Usipumue alipewa na watu wa mtaani, maana tangu asubuhi mpaka jioni, kwenye mashine ya eksirei, kazi yake ilikuwa kuwaambia watu: vuta pumzi, usipumue, haya, pumua. Wenziwe aliosoma nao walikuwa wameitwa Mama Fulani siku nyingi. Yeye, na miaka yake thelathini na tisa, alibaki Dada Usipumue, na aliitikia kwa kicheko kwa sababu asiyecheka huonewa huruma, na huruma ndiyo iliyokuwa ikimchosha kuliko kitu chochote.

Alipojifuta ile jeli na kuvaa koti lake jeupe, mkono wake ulikwenda wenyewe kifuani, mahali ambapo beji ya mionzi ilipaswa kuwa. Hapakuwa na kitu.

Beji yenyewe ni kidude cha plastiki, kipana kiasi cha kiberiti. Haimkingi mtu. Inachofanya ni kukusanya hesabu ya mionzi iliyomfikia aliyeivaa, na kila miezi mitatu hupelekwa maabara kusomwa. Miaka miwili nyuma, beji ya Usipumue ilisomwa, na barua ikaja: mfanyakazi wenu amepata mionzi mingi kuliko ilivyo kawaida kwa kituo kidogo kama chenu, tafadhali elezeni sababu. Sababu aliijua yeye, aliijua mumewe, aliijua na karani. Mtoto wa mwaka mmoja haelewi neno usipumue. Anarukaruka, analia, anageuka, na picha inatoka kama moshi. Lazima mtu amshike. Utaratibu unataka amshike mzazi, akiwa amevaa aproni ya risasi, ile nzito ya kuzuia mionzi, baada ya kuulizwa kama ana mimba. Mama wengi wakiulizwa swali hilo husita. Wengine hawajui, wengine hawataki kusema mbele ya mama mkwe aliyewasindikiza. Hapo Usipumue alikuwa akinyoosha mikono na kusema, "Nipe mimi. Mimi sina wasiwasi huo."

Alilisema hilo kwa mzaha, na lilimchoma kila mara. Lakini ukweli wote lazima usemwe: alipenda kuwashika. Alipenda uzito wao, na jinsi wanavyoacha kulia ghafla wakishangaa sura mpya. Alijifundisha kuweka mashine tayari, kumwachia karani kitufe, jambo ambalo nalo halikuruhusiwa, kisha kumkumbatia mtoto wa mwenzake kwa muda ule mfupi. Halafu alimrudisha kwa mwenyewe. Alikuwa akitamani, na tamaa ile ilipata mahali pa kupumzikia kwa sekunde chache, mara tatu au nne kwa wiki.

Mumewe, mwenye kituo hicho, ambaye mtaa mzima ulimwita Faili kwa sababu hakuna karatasi aliyowahi kuitupa, aliitibu ile barua kwa njia yake. Kwanza alimwambia mkewe avue beji kila anaposhika mtoto. Mkewe akawa anasahau kuivaa tena. Mwishowe beji ikahamia moja kwa moja kwenye droo ya chini ya mapokezi, pamoja na kalamu zilizokauka. Tangu hapo matokeo ya maabara yalirudi safi kila baada ya miezi mitatu: sifuri, sifuri, sifuri. Faili aliyaweka kwenye jalada la kijani, akafurahi.

*

Usiku ule, kwenye meza ya chakula, Faili hakuwa na habari nyingine isipokuwa ithibati. Mfuko wa bima ulikuwa umetangaza kwamba kuanzia mwezi ujao hautapeleka wagonjwa kwenye kituo chochote cha picha kisicho na cheti cha ithibati. Theluthi mbili ya wagonjwa wao walitoka huko.

"Alhamisi saa tatu," alisema. "Mkaguzi mmoja, mwanamke. Wanasema ni mkali, hanywi hata maji ya watu. Aproni mpya imefika. Ndoano ya kuitundikia nimeshaipigilia ukutani. Ile ya zamani nimeificha stoo."

"Ya zamani ina ufa," alisema Usipumue.

"Ndiyo maana nimeificha."

"Niliipiga eksirei jana. Ufa uko hapa." Akagusa tumbo lake juu ya nguo, kisha akaondoa mkono upesi. Kwa miaka ile aproni ilikuwa ikikunjwa na kuwekwa juu ya kiti, wakati kila mtu wa fani anajua kwamba aproni ya risasi haikunjwi. Ilikuwa imepasuka palepale ilipokuwa ikikunjwa.

"Sasa si tuna mpya, mke wangu? Mbona unafukua makaburi?"

"Nauliza tu. Mtu akitaka kujua amepata mionzi kiasi gani, tuseme kwa miezi hii mitatu ya nyuma, atajuaje?"

"Ataangalia beji."

"Beji ya kwenye droo?"

Faili aliweka kijiko chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. "Nakuomba," alisema, "mpaka Alhamisi, droo hiyo usiitaje. Baada ya hapo utavaa beji hata ukioga."

Mama mkwe alikuwa akiwasikiliza huku akichokonoa meno. Alikuwa akiishi nao tangu magoti yamkatae, na kila kitu nyumbani alikiona, isipokuwa alivyoamua kutoviona. "Siku hizi huli," alimwambia mkwe wake.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Hata chai ya asubuhi umeiacha." Akamkazia macho zaidi kidogo kuliko kawaida. "Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi sijasema kitu. Nimesema walisema wazee."

Faili alicheka, akidhani mama yake anarudia kero zake za zamani, na akamwomba asimsumbue mtu mwenye kazi nyingi. Usipumue aliondoa vyombo. Jikoni, maji yakimwagika kwenye sufuria, alifanya hesabu kichwani: watoto watatu kwa wiki, au wanne, mara wiki kumi na moja, na aproni yenye ufa. Kila mtoto alikuwa amemsogezea mionzi kidogo, ile inayorudi kutoka kwenye mwili wa anayepigwa picha. Kidogo kiasi gani? Alikuwa ameisoma kazi hii miaka mitatu na kuifanya miaka kumi na tano, na swali ambalo mgonjwa huuliza kabla ya mengine yote lilimshinda. Alitaka namba. Hakutaka kuambiwa usijali, maana usijali alikuwa ameshaambiwa mara mbili.

*

Mkaguzi alifika saa tatu kasoro dakika tano. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na begi zito alilokataa kubebewa. Maji aliyakataa kweli. Alipima unene wa ukuta wa kinga, akapima mlango, akawasha taa nyekundu ya juu ya mlango na kuizima, akaishika aproni mpya na kuinusa.

"Ina harufu ya duka," alisema. "Ya zamani iko wapi?"

"Ilichakaa, tukaiondoa," alijibu Faili.

"Iliondolewa lini?"

"Hivi karibuni."

Mkaguzi aliandika. Alikuwa na namna ya kuandika polepole, ambayo ilimfanya Faili atoe maelezo ambayo hakuulizwa. Saa nne na nusu alikuwa ameshalipitia jalada la kijani lote na hakuona doa. Faili alianza kupumua vizuri. Alimkonyeza mkewe kwa mbali, kama kijana.

"Nataka kuona mgonjwa mmoja akihudumiwa," alisema mkaguzi. "Yeyote anayekuja."

Aliyekuja alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mtoto wa kama mwaka na miezi miwili, anayekohoa kifua kizima. Daktari alikuwa ameandika picha ya kifua. Usipumue aliwaingiza, akamweleza mama atakachofanya, kisha akauliza lile swali.

"Una mimba, au unaweza kuwa nayo?"

Mwanamke akatazama chini. "Sijui, dada. Mwezi huu sijaona siku zangu."

Karani, aliyekuwa amesimama mlangoni na fomu, alikuwa mtu wa kusaidia. Alikuwa mkarimu tangu kuzaliwa. "Usiogope," alimwambia mama yule, "mpe tu Dada Usipumue. Yeye ndiye huwashika, kama kawaida."

Kalamu ya mkaguzi ilisimama. "Kama kawaida," alirudia.

Faili akacheka cheko kavu. "Anamaanisha mara mojamoja. Ikitokea dharura."

Mtoto alikuwa ameshanyoosha mikono. Watoto walikuwa na kawaida hiyo kwake. Usipumue alimtazama, uso umelowa makamasi, shati limefungwa kifungo kimoja chini zaidi, na mwili wake wote ulitaka kumchukua. Akarudi nyuma hatua moja.

"Leo simshiki," alisema.

"Kwa nini?" aliuliza mkaguzi.

"Nina mimba. Wiki ya kumi na moja."

Karani aliziba mdomo kwa fomu. Faili alibaki amesimama na jalada la kijani mkononi, na uso wake ulipita kwenye mambo mengi kwa haraka, mpaka ukafika mahali ambapo mkewe hakuwa ameuona tangu ile mara ya pili.

"Basi toka upande huo, uje nyuma ya ukuta," mkaguzi alisema kwa upole ambao hakuutumia tangu asubuhi. "Mtoto anaumwa, lazima apigwe picha. Nani mwingine yupo?"

Wote wakamtazama Faili.

Alikuwa na kituo cha picha miaka minane na hakuwahi kuvaa aproni. Ilimlemea mabegani. Alimshika mtoto kama mtu aliyepewa trei ya glasi, mbali na kifua, na mtoto akapiga ukelele. "Mweke karibu," mkewe alimwambia kutoka nyuma ya kioo. "Mkono mmoja huku. Shika mabega yake. Usimwogope, hakujui, lakini anataka kushikwa." Faili akamkaza kidogo. Mtoto akanyamaza, akamshika sikio. Usipumue akabonyeza kitufe mwenyewe, na picha ikatoka safi mara ya kwanza.

Mama na mwanawe walipoondoka, mkaguzi alilifungua tena jalada la kijani kwenye ukurasa wa beji. "Huyu huwashika watoto kama kawaida," alisema, akionyesha kwa kalamu, "na beji yake haijasoma hata chembe kwa miaka miwili. Mimi nimefanya kazi hii muda mrefu. Hata beji ya mfagiaji husoma zaidi ya hapa."

"Ukuta wetu ni mzito," alisema Faili. Sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu. Bado alikuwa na aproni mwilini.

Mkaguzi alimgeukia mkewe. Usipumue alijua kilichokuwa kwenye mizani. Akisema ni kweli, ukuta ni mzito, huenda mkaguzi angeandika onyo na kuondoka, na mwezi ujao wangekula. Ila namba ingebaki sifuri milele, kwenye jalada la mumewe, na yeye angelala miezi sita iliyobaki akiihesabu sifuri hiyo gizani.

"Mkaguzi," alisema, "nikikuambia ukweli, unaweza kunipigia hesabu ya mwanangu?"

"Nikipewa ukweli, naweza kukadiria. Nikipewa hili jalada, siwezi kitu."

"Beji ilikuwa kwenye droo."

*

Mkaguzi aliwafungia kituo kwa siku tisini, na ombi la ithibati likarudishwa. Lakini kabla ya kuondoka aliwaachia kazi. Alitaka orodha ya kila mtoto aliyeshikwa na Usipumue tangu mimba ilipoingia: umri wake, sehemu iliyopigwa picha, na mara ngapi. "Daftari lenu lina safu ya aliyemshika mtoto," alisema, "na kila mstari umeandikwa mzazi. Mimi siiamini. Anzeni upya. Mkiwa na shaka, hesabuni kwamba ameshika."

Wakakaa mezani nyumbani, alasiri hiyo hiyo, daftari katikati yao. Mama mkwe alisogeza kiti chake karibu bila kualikwa. Alikuwa ameshapewa habari, na alichosema ni, "Nilijua tangu ile chai," basi.

Faili alisoma mstari wa kwanza. "Mvulana, miezi tisa, kifua."

"Nilimshika. Alikuwa na soksi moja. Nyingine mama yake alikuwa ameishika mkononi."

"Msichana, miaka miwili, mkono."

"Nilimshika. Alivunjika akiruka kutoka kitandani. Aliniuliza kama mashine inauma, nikamwambia inauma ukicheka tu, akacheka."

"Mvulana, miezi sita, kifua na tumbo."

"Mara mbili. Alinitapikia."

Faili alikuwa akifuta neno mzazi kwa mstari ulionyooka, kama taratibu zinavyotaka, na kuandika juu yake jina la mkewe. Alipofika ukurasa wa pili mkono wake ulikuwa umepunguza mwendo. Hakuwa akijua. Alijua kwamba mkewe anashika watoto, kama mtu anavyojua kwamba mvua hunyesha. Hakujua kuhusu soksi, wala kicheko, wala yule aliyelala kabla picha haijapigwa ikabidi wangoje kwa sababu Usipumue hakutaka kumwamsha.

"Wote unawakumbuka?" aliuliza.

"Wote."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini, mume wangu? Kwamba nimemshika mtoto wa watu?"

Kwenye ukurasa wa tatu walifika kwa msichana wa miezi minne, kifua, siku ya Jumatatu. Usipumue alijaribu kukumbuka nguo, akajaribu sauti, akajaribu sura ya mama. Hakupata kitu, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu wiki zile zianze. Alimlilia mtoto ambaye huenda hakumgusa kamwe.

"Mkiwa na shaka hesabuni," mama mkwe alisema taratibu. "Si ndivyo alivyosema yule mama?"

Faili aliandika jina.

Walikuwa thelathini na wanane. Mkaguzi alipiga simu siku ya tatu. Alisema amehesabu kila mtoto, tena kana kwamba aproni haikuwepo kabisa, na jumla iko chini ya kiwango kinachoruhusiwa kwa mtoto aliye tumboni, chini yake kwa zaidi ya nusu. Faili alikaa chini palepale kwenye kizingiti, akafunika uso. Usipumue alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akauliza kama namba hiyo ina uhakika.

"Ni kadirio zuri," alisema mkaguzi. "Uhakika ulikuwa kwenye beji, mwanangu."

*

Jumatatu iliyofuata walikwenda kubandika tangazo la kufungwa kwenye mlango wa kituo. Karatasi ilikuwa na muhuri mwekundu na ilisema wazi wazi kosa lililofanyika, na Faili alikata utepe wa gundi kwa meno huku wapita njia wakisoma mgongoni kwake. Fundi wa viatu wa ng'ambo ya barabara aliuliza kwa sauti kama kalamu zilizokauka nazo zimefungiwa, maana karani alikuwa ameshamwaga mtama wote. Faili alilainisha kona za karatasi kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine.

Mwanamke mmoja alikuja kwa haraka na mtoto begani na bahasha ya daktari mkononi. Alisoma tangazo, akatazama bahasha yake.

"Nenda hospitali kubwa," Usipumue alimwambia. "Mlango wa nyuma, jengo la pili. Ufike kabla ya saa sita. Na wakikuuliza kama una mimba, waambie ukweli, hata kama hujui, waambie hujui."

"Ngoja nimpigie baba yake simu aje na gari. Nishikie huyu, dada."

Akampa bila kungoja jibu. Usipumue akajikuta amembeba. Alikuwa mtoto wa kiume, mzito, wa miezi kama minane, na joto la homa kidogo shingoni. Hapakuwa na aproni katikati yao, wala taa nyekundu, wala mtu wa kubonyeza kitufe. Mikono yake ilikuwa imezoea kuhesabu hadi tatu na kuachia. Ikahesabu, ikafika tatu, ikapita. Mtoto alimtazama, akachoka kumtazama, akaweka kichwa kwenye bega lake. Pembeni, mama yake alikuwa akibishana na simu, akielekeza njia, akisema hapana, kushoto.

Faili alikuja akasimama karibu, gundi mkononi.

"Nikupokee?" aliuliza. "Mzito huyo."

"Subiri," alisema Usipumue. "Bado hajamaliza simu."